Rolakosta ya familia Nyanda za Juu Kusini: ya mota, ya mnyanyuo au ya mlimani?

Kila Agosti viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya vinapojaa watu wa Nane Nane, wazee huenda kuangalia mbegu za mahindi na trekta, watoto huwavuta mama zao kuelekea kwenye mabembea. Wenye bustani za mapumziko wa Mbeya, Iringa na Njombe wameliona hilo siku nyingi, na swali wanalojiuliza sasa limepita bembea la kuzunguka: je, wakati wa rolakosta ya familia, yaani kitreni cha burudani kinachopanda, kushuka na kupinda juu ya reli, umefika, na kama umefika, waagize ya aina gani?

Makaratasi ya watengenezaji hayasaidii sana. Yanaonyesha jua, tabasamu na namba ya kasi. Kwa rolakosta ya familia kasi ni jambo la mwisho kuuliza. Aina tatu ninazozilinganisha hapa kwa kawaida hazizidi kilomita 50 kwa saa, na mtoto wa miaka saba haji na kifaa cha kupimia. Kinachoamua ni kile ambacho muuzaji hapendi kukianza yeye: mashine ikisimama, imesimama kwa nini, nani yuko juu, anashukaje, na itachukua muda gani kuanza tena?

Aina zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni ya mota: treni ina mota zake na inajisukuma mzunguko mzima. Ya pili ni ya mnyanyuo: treni haina mota, huvutwa na mnyororo au kusukumwa na matairi hadi kileleni, kisha hushuka kwa uzito wake. Ya tatu ni ya mlimani: vigari vidogo vya mtu mmoja au wawili vinateremka juu ya reli iliyolala kwenye mteremko wa kilima, na breki anashika abiria mwenyewe.

## Vya kupimia

Mvua na baridi. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, kwingine Mei. Likizo kubwa ya shule iko Desemba, katikati ya mvua. Ya Juni inaangukia kipupwe, anga kavu lakini asubuhi za kutoa moshi mdomoni. Kwa hiyo misimu miwili ya biashara ina matatizo mawili tofauti. Tena kanda hii si kitu kimoja: Iringa mjini hupata mvua chache kuliko Mbeya, na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Umeme kukatika. Hata gridi ya taifa ikiwa na umeme wa kutosha, radi moja kwenye nguzo ya mtaani inatosha kusimamisha treni yako.

Watu kwa saa. Viti vilivyoandikwa kwenye karatasi si viti vinavyojaa.

Nani anaruhusiwa kupanda. Urefu, umri, na mavazi ya watu wetu.

Ardhi. Udongo, mteremko, na umiliki.

Spea na mafundi. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na katikati kuna kona za mlima Kitonga.

## Ya mota

Washabiki wa kweli wa rolakosta huwa wanaibeza hii, wanasema si rolakosta bali kitreni kilichochangamka. Wana haki ya maoni yao. Lakini Alpenexpress Enzian, rolakosta ya mota iliyoko Europa-Park nchini Ujerumani, imekuwa ikibeba familia tangu 1984, katika bustani ambayo haikosi mashine kubwa kuliko hiyo.

Mvua ndiyo sababu ya kwanza ya kuifikiria. Umeme hufika kwenye treni kupitia reli ya pembeni, na gurudumu linalosukuma linahitaji kushika chuma. Maji yanasumbua yote mawili. Lakini kwa kuwa njia yenyewe ni fupi na ya chini, hii ndiyo aina pekee kati ya tatu ambayo unaweza kuiezekea paa la bati bila kufilisika. Kwa mtu wa Tukuyu, hoja hiyo inaweza kumaliza mjadala. Baridi haiisumbui sana, maana mota itaongeza nguvu pale grisi ilipokuwa nzito.

Umeme ukikatika, treni inasimama popote ilipo. Kwa kawaida hapo si juu sana, na wahudumu wawili wenye ngazi nzuri na utulivu wanaweza kuwashusha watu mmoja mmoja. Ukinunua jenereta, usipime kwa mota peke yake. Piga hesabu ya mota zinapoanza kuzunguka, taa, kompresa ya breki na spika ya matangazo, halafu kumbuka kwamba Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jenereta ya dizeli hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye hewa nyembamba. Mwombe muuzaji wa jenereta akupe namba ya mwinuko wenu, siyo ile iliyobandikwa ubavuni.

Watu kwa saa: chukua mfano wa treni ya viti 20, mizunguko miwili, jumla ya dakika nne pamoja na kupanda na kushuka. Hiyo ni safari 15, viti 300 kwa saa. Ondoa viti vinavyobaki wazi na mtoto anayebadili mawazo wakati mkanda umeshafungwa, uhesabu 200. Uzuri wake ni kwamba mwendeshaji anaweza kupunguza mzunguko mmoja foleni ikirefuka, na kuongeza siku za Jumanne ambazo bustani ina familia tatu.

Wanaopanda ni watoto wadogo na watu wazima waoga, mara nyingi kuanzia sentimita 90 hivi wakiwa na mkubwa wao. Vijana wa sekondari watapanda mara moja, wapige picha, waondoke.

Ardhi inayotakiwa ni tambarare na si kubwa. Baadhi hujengwa juu ya fremu za chuma na zinaweza kuhamishwa.

Kwenye spea ina nafuu moja na mtego mmoja. Nafuu ni kwamba mota na giaboksi ni vitu ambavyo mafundi wetu wanavijua; fundi mzuri wa kusuka mota hakosekani Mbeya. Mtego ni kudhani kila kitu ni hivyo hivyo. Chuma cha mapajani kinachomshikilia abiria, kufuli yake, pini inayounganisha behewa na behewa na vipande vya breki havichongwi mtaani hata siku moja, hata kama fundi ni shemeji yako.

## Ya mnyanyuo

Hii ndiyo rolakosta kwa maana ya wengi. LaMarcus Thompson alipofungua ya kwake Coney Island, New York, mwaka 1884, alitoza senti tano na kuuacha uzito ufanye kazi. Msingi huo haujabadilika. Kampuni ya Vekoma ya Uholanzi, kwa mfano, ina aina ya watoto yenye njia ya mita 207 na nyingine ya mita 335. The Barnstormer iliyoko Walt Disney World huko Florida, iliyofunguliwa 1996, ni ya ukoo wa ile fupi, ikiwa na kimo cha takriban mita 9 na kasi ya karibu kilomita 40 kwa saa.

Hapa baridi ni jambo la kuliangalia kwa makini kuliko mvua. Treni ikishatoka kileleni haina wa kuisukuma. Asubuhi ya Juni huko Njombe grisi ya beringi ni nzito, magurudumu ni magumu, na treni imebeba watoto sita wepesi: itakwenda polepole kuliko saa nane mchana ikiwa imejaa watu wazima. Ikipungukiwa sana inaweza kushindwa kupanda kilima kinachofuata, ikarudi nyuma na kutulia bondeni, na kuitoa hapo ni kazi ya nusu siku. Dawa yake inajulikana: kila asubuhi treni tupu inazungushwa mara kadhaa na muda wake kuandikwa daftarini kabla ya abiria wa kwanza. Mwendeshaji anayeruka hatua hiyo kwa sababu foleni imeshajaa getini hafai kupewa funguo. Upepo nao una kikomo chake kwenye kitabu cha mashine, na mtu wa Makambako hahitaji kuambiwa kwa nini nalitaja.

Mvua nyepesi wengine huendesha, kwa masharti ya mtengenezaji. Radi ikisikika, hakuna mjadala.

Kuhusu umeme, watu wengi huogopa kisichohitaji kuogopwa. Treni iliyo kwenye mnyanyuo haitarudi nyuma, kwa sababu kuna vyuma vya kuizuia. Treni iliyokwisha kushuka itaendelea na safari hadi kwenye breki, na breki hizo kwa kawaida hufungwa na springi na kufunguliwa kwa upepo wa kompresa. Dereva yeyote wa lori la Tunduma anaijua habari hiyo: upepo ukiisha, breki hazilegei, zinakamata. Kinachotakiwa kuogopwa ni ngazi. Watu wakikwama kwenye mnyanyuo watashuka kwa ngazi nyembamba ya pembeni, kutoka kimo cha ghorofa mbili au tatu, pengine wakati wa manyunyu: bibi mwenye kitenge, baba mwenye mtoto aliyeganda kwa woga. Zoezi hilo lazima wahudumu walifanye kwa vitendo kabla ya ufunguzi, wao wenyewe wakiwa abiria, na walirudie.

Watu kwa saa hutegemea idadi ya treni. Njia fupi mara nyingi ina treni moja. Ikiwa na viti 16 na kuondoka kila dakika tatu, ni viti 320. Kwenye njia ndefu unaweza kuwa na mbili, lakini ya pili haiongezi kitu kama wahudumu wa jukwaani ni wale wale wawili. Njia hugawanywa vipande, na kipande kimoja hakiruhusiwi kuwa na treni mbili. Wa jukwaani wakichelewa kufunga mikanda, treni ya nyuma inasubiri kwenye breki ikiwa na watu ndani, nao wataanza kupiga kelele kwamba imeharibika.

Nani anapanda? Wigo wake ni mpana kuliko wa mbili nyingine: kwa kawaida kuanzia kati ya sentimita 90 na 110 akiwa na mkubwa, hadi babu yake. Mavazi yaangaliwe. Kilemba, mtandio na kanga vifungwe vizuri au viachwe kwenye kabati, ushungi uchomekwe. Mtoto wa mgongoni hapandi, na mama yake apewe mahali pa kukaa, asiachwe amesimama juani akiwangoja wenzake.

Ardhi ndiyo inayokula fedha kimyakimya. Kila mguu unasimama juu ya zege na bolti zake, na reli haivumilii mguu mmoja kuzama. Sehemu ya nyanda hizi imepakana na Bonde la Ufa. Maeneo ya kuzunguka Rungwe yana udongo wa majivu ya volkano, na matetemeko madogo si hadithi. Upimaji wa udongo ufanyike kabla ya kulipa malipo ya awali, usisubiri kontena lifike.

Spea zake nyingi zinatoka nje: magurudumu, sensa, kadi za kompyuta inayoongoza breki. Uwe na seti ya akiba tangu siku ya kwanza. Vilevile ekseli na viungio vya chuma vinahitaji kuchunguzwa nyufa zisizoonekana kwa macho, kwa dawa ya rangi, sumaku au mawimbi ya sauti, na wenye ujuzi huo huitwa kwa ratiba. Weka tarehe yao kwenye bajeti.

## Ya mlimani

Ukiangalia miteremko ya Uporoto au vilima vya Mufindi, hii ndiyo inayokuja kichwani kwanza. Kampuni ya Wiegand ya Ujerumani imeisambaza sana Ulaya. Ya aina hii iliyoko Andorra, Tobotronc, ina urefu wa kilomita 5.3. Kamba ya chuma hukupandisha juu ukiwa umekaa, kisha unateremka mwenyewe, lever mkononi: isukume uende, ivute usimame. Breki nyingine ndani ya kigari huzuia kisivuke takriban kilomita 40 kwa saa hata ukiachia kabisa.

Reli iliyolowa huongeza umbali wa kusimama, na ukungu humnyima abiria kuona kigari cha mbele. Sehemu nyingi duniani hufunga mvua ikikolea. Sasa weka hilo juu ya Desemba yetu. Anayetarajia likizo ya Krismasi imrudishie mkopo wake ajue kwamba mchana mzima unaweza kupita vigari vikiwa vimefunikwa turubai. Juni hadi Oktoba, kwa upande mwingine, hakuna cha kuishinda.

Umeme ukikatika ina afadhali kuliko zote: wanaoshuka wanamaliza safari yao, wanaopandishwa wanasimama, na kwa kuwa reli iko karibu na ardhi sehemu kubwa, wanatoka na kutembea.

Wasiwasi mkubwa ni kwamba abiria ndiye dereva. Mbele kuna shangazi anayesimama kupiga picha ya bonde. Nyuma kuna kijana wa chuo aliyeahidi wenzake kwamba hatagusa breki. Umbali unaotakiwa kati ya kigari na kigari ni kama mita 25, na hakuna anayepima mita 25 akiwa anacheka. Hivyo maelezo ya kabla ya kuondoka yawe kwa Kiswahili cha kueleweka, yasibaki kibao cha Kijerumani na Kiingereza, na kwa wazee isiwe aibu kuyarudia kwa Kinyakyusa au Kihehe. Kule Ujerumani desturi ni mtoto kuendesha peke yake kuanzia miaka 8 hivi, na wa kuanzia miaka 3 kukaa na mtu mzima. Ningeanza kwa ukali zaidi ya hapo, angalau mwaka wa kwanza.

Kigari kikiondoka kila sekunde 30 unapata vigari 120 kwa saa. Wakipanda wawili wawili ni watu 240, lakini wengi watataka kuendesha peke yao, kwa hiyo tegemea kati ya hapo na nusu yake.

Kwenye ardhi kuna mambo mawili yasiyo kwenye karatasi za Ulaya. Kwanza, mteremko mzuri mara nyingi ni msitu wa hifadhi, chanzo cha maji au shamba la chai la mtu; hati ya kiwanja ionekane kabla ya ramani. Pili, kilomita nzima ya bomba na kamba ya chuma ikiachwa porini usiku, katika nchi yenye soko zuri la chuma chakavu, inahitaji walinzi wanaotembea, na kila asubuhi mtu aipite yote kwa miguu akiangalia bolti, matawi ya mikaratusi yaliyoanguka na mbuzi.

Spea: kigari kibovu kinatolewa, vingine vinaendelea.

## Mtumba, makaratasi na siku za mwanzo

Mtu atakuletea mashine iliyotumika kwa nusu ya bei. Mtumba wa chuma si dhambi. Rolakosta nyingi duniani zimehamia bustani ya pili na ya tatu. Lakini bila daftari lake la matengenezo, michoro na mtengenezaji anayekiri bado anaihudumia, umenunua chuma chakavu chenye rangi nzuri. Ikiwa mpya au mtumba, uliza imejengwa kwa viwango gani: EN 13814 ya Ulaya, ISO 17842, au vile vya kamati ya F24 ya shirika la viwango la ASTM huko Marekani. Hapa nyumbani utakutana na halmashauri kwa kibali cha ujenzi, Zimamoto, na OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Waite mapema wakiwa washauri, wasije mara ya kwanza wakiwa wakaguzi.

Halafu kuna shauku ya watu, ambayo ni mtaji na hatari kwa pamoja. Tarehe ya ufunguzi ikishatangazwa redioni na mgeni rasmi akaalikwa, hakuna mwenye moyo wa kusema majaribio hayajaisha. Basi usitangaze. Treni izungushwe tupu, kisha ikiwa na midoli ya kujazwa maji yenye uzito wa watu, kisha na wafanyakazi, na tiketi za kwanza ziuzwe kimya kimya kwa wiki chache. Mashine mpya husimama yenyewe mara nyingi kwa sababu sensa moja imeona kitu isichokielewa. Huko ni kujilinda, siyo kuharibika, lakini abiria hajui hilo mpaka aambiwe kwa spika, haraka, na kwa sauti isiyotetemeka. Kati ya tatu, ya mota ndiyo hutulia mapema, kwa kuwa mara nyingi ni treni moja na breki chache. Ya mnyanyuo huchukua muda mrefu zaidi. Ya mlimani mashine yake hutulia upesi. Abiria ndio wanaochelewa kuzoea.

## Kwa hali yako

Bustani ndogo ya mjini, Mbeya au Iringa, wateja wengi wakiwa na watoto chini ya miaka 8: ya mota. Kama uko Tukuyu au upande wowote wenye mvua za muda mrefu, ni hiyo hiyo, na paa liwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Eneo kubwa tambarare karibu na barabara kuu, mabasi ya shule yanaingia kwa urahisi, na una uwezo wa kuajiri fundi wa kudumu badala ya wa kuitwa: ya mnyanyuo italeta wa darasa la kwanza hadi wa kidato cha sita kwa tiketi ile ile. Kwa Iringa, yenye mvua chache, siku zake za kazi zitakuwa nyingi zaidi kuliko kusini zaidi.

Una mteremko wako wenye hati, wageni wako ni vijana, watalii wa kwenda Hifadhi ya Kitulo na wanandoa wa wikiendi, na biashara nyingine kama lodji au mgahawa inakubeba miezi ya mvua: ya mlimani.

Unataka kuzunguka na maonyesho, Nane Nane hapa na sikukuu nyingine mikoa ya jirani: ya mota ya kuhamishika pekee, na kila kituo kipya fremu ipimwe usawa upya na treni izungushwe tupu, hata kama jana ilikuwa nzima.

Na kama fedha zinatosha mashine lakini hazitoshi magurudumu ya akiba, bima na mishahara ya wahudumu kwa miezi yote ya majaribio kabla tiketi hazijaanza kuuzwa, anza na bembea la farasi na gari za kugongana. Wahudumu watajifunza kufunga mkanda, kuhesabu watu na kumkatalia kwa adabu mzazi anayetaka mwanawe mfupi apande, na siku utakapoleta rolakosta watakuwa tayari wanaijua nusu ya kazi.